Taa Inawaka

Saa kumi na mbili jioni mzee mmoja wa Katuba alituletea kibao cha mti na karatasi yenye jina la marehemu mke wake. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Yaya, mwenye karakana, alipokea kibao kwa mikono miwili, akamwambia mzee arudi matangani. Kisha tukawasha mashine ya kuchonga kwa leza, na kompyuta ikasema haioni kitu.

"Mudogo, wewe unasoma luga," yaya akaniambia. "Soma basi inalia nini."

Nasoma lugha kweli, na ndiyo maana nilipoteza muda mwingi kwenye maneno. Maelezo yalitaka nitafute "dereva". Kwa Kifaransa huitwa piloti. Wa gari au wa ndege, kazi ni moja: programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na chipu fulani. Chipu yetu ni CH340, iliyomo katika mashine nyingi za bei nafuu. Nikanunua megabaiti, nikapakua dereva, nikamweka mara tatu. Bure.

Kilichonidanganya ni taa. Kwenye bodi ya mashine kuna taa nyekundu, nayo ilikuwa inawaka vizuri. Nikaona: inawaka, basi imeunganishwa. Kumbe ndani ya kable ya kawaida ya USB mna nyaya nne, mbili za umeme na mbili za kupitisha data, na baadhi ya kable za kuchajia simu zina zile za umeme peke yake. Taa inashiba, maneno hayapiti.

Nilistuka nilipofungua orodha ya vifaa. Dereva akikosekana, kifaa huonekana bado, kikiwa na alama ya njano. Kwetu hata hiyo alama haikuwepo. Nilichomoa, nikachomeka, orodha haikutikisika. Kompyuta haikuwa imekutana na mgeni isiyemwelewa; haikujua kama kuna mtu mlangoni.

"Yaya, hii kable ni ya mashine?"

Akanyamaza kidogo. Ya mashine jirani aliiazima juma lililopita. Hii ilikuwa ya simu yake.

Saa nne usiku tukabisha hodi kwa jirani. Kable iliporudi, COM4 ikatokea kwenye orodha, lakini badala ya salamu skrini ikajaa alama zisizosomeka. Nikiri, hapo nilifurahi. Alama ni dalili kwamba wawili wanaongea. Ila mashine ilikuwa inatuma kwa mwendo wa biti 115200 kwa sekunde, na mimi nilikuwa nimeiwekea kompyuta isikilize kwa 9600. Nikabadilisha namba. Mashine ikajitaja bila kigugumizi: Grbl 1.1.

Kabla ya kubonyeza, yaya alinisomesha jina la marehemu herufi kwa herufi, kwa sauti, mara mbili, yeye akifuata kwa kidole kwenye karatasi. "Hapa hakuna kufuta," alisema. Chumba kikajaa harufu ya mti unaoungua.

Mzee alifika alfajiri. Hakusoma, alipitisha kidole juu ya herufi, polepole, hadi ya mwisho, akaomba gazeti la kufungia.

Ile kable ya simu yaya ameifunga fundo katikati, isije ikachanganywa tena.