Nilishika majani, bunduki sikuishika

Najua nimeadimika sana, wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama baridi imeshanimaliza. Hapana jamani, mzima kabisa, ni mitihani ya katikati ya muhula tu ilinikaba koo. Leo Jumapili nimejifungia bwenini, chai ya tangawizi ipo mezani, nikasema ngoja niwape stori ya siku mwenzenu nilipogeuka fundi rangi. Na tulichopaka si gari wala ukuta. Ni bunduki.

Msishtuke, nieleze taratibu.

Mnaonifuata siku zote mnajua niko Wisconsin, mwaka wa tatu, nasoma biolojia. Rumeti wangu ni mtoto wa mkulima wa huku huku, kwao mwendo wa saa mbili kwa gari. Sasa hapa Wisconsin kila mwaka, kuanzia Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kuna siku tisa za kuwinda kulungu kwa bunduki. Siku hizo ni kama Idi na Krismasi zimegongana. Darasani watu wanapungua, maprofesa wenyewe wanapotea. Mwaka 2024 msimu ulianza tarehe 23 Novemba, na wiki tatu kabla yake rumeti akaniambia, twende nyumbani, nataka kuipaka bunduki yangu mabaka.

Kwa nini wiki tatu kabla? Rangi inanuka, na kulungu ana pua balaa. Inabidi ikauke na harufu iishe. Halafu rangi ya kupuliza haipendi baridi, ukichelewa mpaka theluji inakugomea.

Basi Jumamosi ya tarehe 2 tukawa kwenye gereji ya baba yake. Bunduki yenyewe ya kawaida, ya kupakia risasi moja moja kwa kuvuta chuma kwa mkono, kitako cha plastiki nyeusi. Akaifungua, akahakikisha haina kitu, akamwita baba yake naye akahakikisha. Akaifuta mafuta yote kwa spiriti. Akabandika ile selotepu ya karatasi ambayo mafundi wetu wa gereji hubandika kwenye vioo vya magari: mdomo wa mtutu, vioo vya darubini, kifyatulio, kila pasipotakiwa rangi. Kisha akasema, "Nishikie hapa nifunge waya."

Nikarudi nyuma hatua mbili.

Wadau, hapa pana jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa kutoka nyumbani anatakiwa kulijua. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni mwenye viza ya muda, na sisi wa F-1 tumo, kuwa na bunduki au risasi. Kuna nafasi ya kutokea, mojawapo ni kama una leseni halali ya kuwinda. Mimi sina. Je, kushika bunduki tupu dakika mbili kwenye gereji ya rafiki ni "kuwa nayo"? Sijui na sitaki nije kufundishwa maana ya neno hilo na hakimu. Mama yangu aliuza ng'ombe wawili ili nipande ndege. Nikamwambia rumeti, kaka, mimi nitashika majani.

Alinielewa. Akaining'iniza mwenyewe kwa waya kwenye boriti, nami nikawa mtu wa majani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza unapuliza rangi ya mchanga bunduki nzima, kwa mbali kidogo, nyepesi nyepesi, usiwe na papara isije ikachuruzika. Ikikauka unaweka jani la mwaloni mbele yake, unapuliza kahawia, unatoa jani; umbo la jani linabaki. Unasogea, jani jingine, kijani. Kuna sehemu tulitandaza mfuko wa wavu wa kufulia nguo tukapuliza juu yake, ukitoa unaona kama magamba ya nyoka. Makopo matatu tu, yote ya rangi isiyong'aa. Mimi nashika jani kwa kijiti, yeye anapuliza. Vidole vyangu vilikaa wiki nzima na kijani kwenye kucha.

Tulipomaliza ilikuwa nzuri jamani, majani madogo madogo kila mahali kama kitenge. Tukaitoa nje, akaiegemeza kwenye mti pembeni ya shamba la mahindi, tukatembea hatua arobaini, tukageuka.

Inaonekana vile vile! Yale majani madogo kwa mbali yameshikana yote yamekuwa rangi moja nzito. Fimbo ndefu nyeusi imeegemea mti. Rumeti akabaki kimya, mie nikacheka mpaka machozi.

Halafu darasa likanijia kichwani. Muhula uliopita tulisoma habari za Hugh Cott, Mwingereza mtaalamu wa wanyama aliyetoa kitabu kikubwa mwaka 1940 kuhusu rangi za wanyama. Huyu bwana baadaye alikwenda hata Uganda kuchunguza mamba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilimtumia kwenye mambo ya kuficha zana, na kuna mizinga miwili ya kwenye reli: mmoja ukapakwa kwa utaratibu wa kawaida wa jeshi, mwingine akaupaka yeye. Wakapiga picha kutoka angani. Wa jeshi ukaonekana vizuri tu. Wa Cott, utafute kwa tochi.

Alifanyaje? Alimfuata swala. Swala mgongo mweusi kidogo, tumbo jeupe. Jua linamulika juu, kivuli kinaangukia chini, rangi zake zinakwenda kinyume na hapo, basi mwili unaonekana bapa na macho yanapita. Halafu mabaka yawe makubwa, yakate umbo lenyewe. Hujifichi kwa kufanana na jani, unajificha kwa mtu kushindwa kujua unaanzia wapi na unaishia wapi.

Tukarudi gereji. Juu ya mtutu tukaongeza kahawia, chini tukapuliza mchanga. Mikanda mipana ya kijani ikavuka kutoka kitako kuja darubini bila kujali mipaka. Ikawa mbaya kwa karibu, kama kazi ya mtoto wa chekechea. Jioni tukaiegemeza tena pale pale, hatua arobaini. Nikageuka, nikaitafuta. Wadau, niliitafuta!

Wakati huo huo ikatokea pikapu barabarani, ikapunguza mwendo, ikasimama. Rumeti alikuwa ameingia ndani kuchukua simu apige picha. Niko peke yangu pembeni ya shamba la watu, mtu mweusi katika kijiji ambacho nadhani niko peke yangu, na hatua arobaini mbele yangu kuna bunduki. Nikatoa mikono mifukoni, nikaiacha wazi. Moyo unapiga ngoma. Mzee akashusha kioo, akanitazama sana. Akauliza kama nimepotea. Nikamjibu hapana, niko na kijana wa hapa. Rumeti akatoka, wakasalimiana, kumbe jirani. Yule mzee alicheka sana alipoonyeshwa bunduki ilipo. Hakuwa ameiona. Mimi alinionea mbali.

Usiku nikampigia mama Kasulu. Kosa langu, nikamsimulia yote nikidhani atacheka. Mama akanyamaza. Mnajua sisi Kigoma tumekua na wakimbizi. Mwaka 1996 Nyarugusu inafunguliwa, mama alikuwa binti, aliwaona waliovuka miguu imevimba, watoto mgongoni. Kila akiwauliza mmekimbia nini, walikuwa wanasimulia watu wenye mabaka. Kwa mama, mabaka na bunduki havijawahi kuwa nyama ya kulungu.

Akasema, "Mwanangu, hayo majani uliyoshika, ulikuwa unaificha bunduki ili asiione nani?"

Nikasema kulungu, mama. Lakini hata mimi nasoma biolojia, najua. Kulungu anakamata harufu yako na mtikisiko wako kuliko rangi. Nilipombana rumeti akakiri, "Inapendeza tu." Na kichekesho ni kwamba sheria ya hapa inamtaka mwindaji wa siku hizo avae rangi ya chungwa kali inayowaka, angalau nusu ya nguo za nje juu ya kiuno, tangu 2016 hata waridi kali inaruhusiwa. Kulungu chungwa haimsumbui, macho yake haioni kama sisi. Ni ili wawindaji wenzako wakuone, wasikupige. Yaani bunduki imefichwa, aliyeibeba anawaka kama taa ya bodaboda.

Jumamosi ile ya ufunguzi nilikwenda nao, kutazama tu. Saa kumi na moja alfajiri, giza, mama yake rumeti akanizuia mlangoni na kizibao cha chungwa na kofia yake. Akanivalisha mwenyewe, akafunga zipu mpaka kidevuni. Akaniambia nisikivue mpaka nirudi ndani ya nyumba hii.

Kulungu hatukupata, baridi tu. Picha ya bunduki sikumtumia mama. Nilimtumia ile ya kizibao. Akajibu kwa sauti: "Hapo sawa. Hapo nakuona."

Haya wadau, kesho nina maabara saa mbili. Wenzangu mlioko nje, mama aliwahi kuwauliza swali mkakosa jibu? Niambieni. Tupo pamoja.