Uvimbe Katika Panda ya Mshipa

Weka vidole viwili, msomaji, kando ya kikoromeo chako, chini kidogo ya pembe ya taya. Upande mmoja tu, wala usibonyeze kwa nguvu. Utasikia mshipa ukidunda. Huo ndio upelekao damu kichwani, na karibu na hapo hugawanyika panda: utanzu mmoja huenda ubongoni, wa pili usoni. Katika panda hiyo kimejificha kiungo kadiri ya punje ya mchele. Kazi yake ni kuionja damu ipitayo. Oksijeni ikipungua, hupeleka habari ubongoni, nawe huanza kuvuta pumzi kwa nguvu pasipo kuamriwa na mtu. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuchunguza jinsi vipokezi vya mishipa hiyo vinavyoongoza upumuaji.

Punje hiyo yaweza kuota uvimbe uitwao paragangilioma. Ni wa nadra sana, na aghalabu hukua polepole, miaka kwa miaka, bila maumivu. Watu wakaao juu ya milima ya Andes, ambako hewa ni nyepesi, hupatwa nao zaidi kuliko watu wa pwani. Hata ng'ombe wa huko wameonekana nao.

Kwetu mwenye uvimbe shingoni hudhaniwa ana rovu au kifua kikuu cha tezi, na mara nyingi dhana hiyo haikosi. Hapo ndipo penye hatari. Vimbe nyingine daktari huzidunga sindano au huzikata kipande akachunguze. Huu umejaa damu tele, na kuukata ovyo ni kufungua chemchemi. Kwa hiyo daktari mwangalifu huanza kwa vidole. Uvimbe huu husogea kulia na kushoto, lakini haupandi wala haushuki, maana umeshikwa na mishipa; pengine hudunda pamoja nayo. Kisha hupigwa picha, nazo huonyesha tanzu mbili zimetanuliwa kama pembe za ng'ombe. Damu au mkojo hupimwa pia, kwa kuwa vimbe chache za namna hii humwaga homoni zinazopandisha shinikizo la damu, na mpasuaji asiyejua hilo mapema huweza kumpoteza mgonjwa mezani.

Ujuzi huu ulinunuliwa kwa bei kali. Mwaka 1880 Riegner alijaribu kuuondoa uvimbe huo, mgonjwa akafa. Mwaka 1886 Maydl alijaribu tena. Mgonjwa akaishi, lakini alipoteza usemi na nusu ya mwili ikapooza. Mwaka 1889 Albert alifaulu kuutoa bila kuufunga mshipa mkuu.

Hata leo kisu kina gharama yake. Kando ya panda ile hupita mishipa ya fahamu ya sauti, ya ulimi na ya kumeza. Mimi ni mwalimu, na sauti ndilo jembe langu. Kila nisomapo habari za mgonjwa aliyeamka akikwaruza, mkono hunienda kooni. Basi pengine daktari hukataa kukata. Mzee mwenye uvimbe mdogo huachwa, akapigwa picha kila baada ya muda. Mwingine hutibiwa kwa mionzi, ambayo aghalabu huuzuia uvimbe usikue, ingawa hauondoki. Vijana humpenda daktari atendaye. Kwa maoni yangu, kuuona ugonjwa na kuuacha kwa kujua kwataka moyo mkubwa zaidi.

Mwaka 2000 wataalamu waligundua kwamba kasoro ya jeni iitwayo SDHD huleta vimbe hizi katika jamaa fulani. Ajabu yake ni hii: mtoto akiirithi kwa baba, yumo hatarini, akiirithi kwa mama, kwa kawaida husalimika, lakini akiwa mwanamume aweza kuwapa wanawe. Hivyo ugonjwa huruka kizazi na kuzuka tena. Ndiyo maana daktari, akiisha kuitazama shingo ya mgonjwa, humwuliza habari za baba yake na za ndugu za baba, kisha huwaita ndugu zake nao wakapimwe, ijapokuwa hakuna hata mmoja anayeumwa.