Bonde Lisilokanyagwa

Mkaaji wa Kijenge ainuapo macho huuona Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566. Lakini bonde la Ngurdoto, lililo mashariki ya mlima huo, halioni. Ni shimo la volkeno iliyozimika, lenye upana wa kilomita 3 hivi. Ukingoni mbega hurukaruka mitini kwa mikia myeupe; chini, penye majani na kinamasi, nyati hulisha na ngiri hula wamepiga magoti. Atazamaye kutoka juu huwaona wadogo, wala sauti zao hazimfikii.

Mwaka 1960 pahali hapo palifanywa hifadhi ya taifa. Maziwa ya Momella yakaongezwa mwaka 1962. Mgeni hutazama kutoka ukingoni tu. Kushuka ni mwiko.

Mkulima wa Meru, mwenye shamba dogo na watoto wengi, ana haki ya kuuliza kwa nini nyati apewe ardhi ambayo binadamu amenyimwa. Swali hilo si la kudharauliwa, maana mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu ili walowezi wa Kizungu wapewe nafasi. Hata hivyo mambo haya mawili si sawa. Mlowezi alitwaa ardhi kwa faida yake. Msitu wa mlima hupokea mvua na kuitoa polepole mitoni, hata ikamfikia mkulima yule yule.

Basi bonde na lilindwe. Lakini aliyeombwa kutolikanyaga apewe fungu katika faida yake. Ulinzi usio na fungu kwa jirani ni unyang'anyi wenye jina zuri.