Mistari Miwili Ikikutana

Wahenga walinena kuwa milima haikutani lakini binadamu hukutana. Mimi naongeza kuwa mistari nayo hukutana, na pale inapokutana ndipo penye jibu. Najua wengi wenu mkisikia neno "grafu" mnaanza kukuna vichwa. Ati ya nini kuchorachora, ilhali mtu aweza kuondoa herufi moja, akatafuta ile nyingine, mambo yakaisha? Tulieni kidogo, jameni, niwaeleze.

Mlinganyo mmoja wa mstari wenye herufi mbili, x na y, hauna jibu moja. Una majibu yasiyohesabika, na yote yamejipanga kwenye mstari ulionyooka. Ukipewa milinganyo miwili, unatafuta jibu linaloiridhisha yote miwili kwa pamoja, nalo hukaa pale mistari inapokatana. Wazo hili la kuhusisha milinganyo na michoro si la jana. Mfaransa René Descartes alilieleza katika kitabu chake La Géométrie cha mwaka 1637.

Je, lina faida gani nje ya darasa? Kwetu sisi ni wakulima wa viazi. Msimu mmoja palizuka ubishi nyumbani kuhusu kuvifikisha sokoni. Mwenye mkokoteni wa punda alitaka shilingi 150 kwa kila gunia. Mwenye pikapu alitaka shilingi 1,000 za safari, kisha shilingi 50 kwa kila gunia. Mama akasema, "Huyo wa pikapu anadai elfu nzima kabla hajabeba hata gunia moja! Mimi sitaki." Baba naye akajibu, "Huyo punda wako atatumalizia faida yote." Mimi nilinyamaza, lakini roho ilinidunda, maana karo yangu ilikuwa humo humo ndani ya viazi.

Nikatoa karatasi ya grafu na rula. Magunia nikayaita x, gharama nikaiita y. Mkokoteni ukawa y = 150x, pikapu ikawa y = 50x + 1,000. Mstari wa mkokoteni ulianzia sifuri ukapanda kwa kasi. Wa pikapu ulianzia juu, kwenye 1,000, ukapanda polepole. Ikakatana kwenye magunia 10, shilingi 1,500. Kabla ya hapo mkokoteni ni rahisi. Baada ya hapo pikapu ni rahisi.

Kumbe kila mmoja alikuwa na ukweli wake! Mama alifikiria magunia 7 yaliyokuwa tayari: mkokoteni shilingi 1,050, pikapu 1,350. Baba alifikiria mavuno yote, magunia 16: mkokoteni 2,400, pikapu 1,800. Walipoiona karatasi, ubishi ukaisha. Tukangoja tukavuna yote, pikapu ikaitwa, na shilingi 600 zikabaki mfukoni.

Lakini si kila mistari hukutana. Kama pikapu nyingine ingetaka shilingi 600 za safari na 50 zile zile kwa gunia, mistari ya pikapu hizo mbili ingekuwa sambamba kama reli. Hakuna jibu hapo. Ya 600 ni rahisi siku zote. Na milinganyo ikiwa ni mmoja uliovaa nguo mbili, kama y = 50x + 1,000 na 2y = 100x + 2,000, mstari mmoja hulala juu ya mwingine, na kila nukta yake ni jibu.

Tahadhari: penseli butu hudanganya. Jibu likiangukia katikati ya vijiraba, utakisia tu. Kwa hivyo, ukishasoma jibu, lirudishe kwenye milinganyo yote miwili ulipime.

Wenzangu, wino unanikaukia. Mkiwaona watu wawili wanabishana na kila mmoja ana hesabu yake, msiharakishe kumwita mmoja mwongo. Chukueni rula, mchore mistari yote miwili, muone inakutana wapi.