Jibini, mkate na uongo wa wali

Najua nimepotea kidogo, mnisamehe. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na wenye fani yetu mnajua hali inavyokuwa: andalio la somo hadi saa saba usiku, saa kumi na mbili asubuhi uko kituoni unasubiri basi kwenye baridi ya Leeds.

Leo nataka niwasimulie chakula changu cha usiku. Msicheke.

Baada ya Krismasi maduka ya huku hushusha bei ya jibini zilizobaki. Ndipo nilipoikuta moja nyeupe yenye vitu vyekundu ndani. Mi nilidhani sabuni ya kuogea! Kumbe ni Wensleydale iliyochanganywa na kranberi, tunda dogo lenye uchachu linalolimwa sana Marekani. Nikaichukua kwa sababu ya bei, na tangu siku hiyo nimenogewa. Vipande viwili vya mkate wa kuchoma, epo moja nimelikatakata, jibini na chai ya rangi, basi. Inamomonyoka mdomoni, ina chumvi kwa mbali, halafu unakutana na tunda. Kuna mwenzake, Stilton nyeupe yenye aprikoti, nayo si haba, ila mi nabaki na Wensleydale yangu.

Asili yake ni Yorkshire hii hii, bonde la Wensleydale, kwenye mji mdogo wa Hawes. Watawa kutoka Ufaransa ndio walioleta ufundi huo bondeni karibu na mwaka 1150. Kiwanda cha Hawes kilifungwa mwaka 1992, lakini waliokuwa mameneja wake wakakinunua na kukifungua tena. Na tunda halipikwi pamoja na maziwa: jibini changa huvunjwavunjwa, ikachanganywa na matunda makavu, kisha ikakandamizwa upya.

Sasa tatizo. Kila jioni mama hunipigia kutoka Moshi. Shikamoo, marahaba, halafu swali lile lile: "Umekula nini mwanangu?" Na mimi tangu Oktoba jibu langu moja: "Wali na maharage, mama." Uongo mtupu. Nilijua nikisema mkate na jibini ataona nashinda njaa, ataanza kuhangaika na hela ya kunitumia, na hela yenyewe hana. Ng'ombe mmoja alishauzwa kwa ajili ya safari yangu. Amebaki mmoja.

Jana nilirudi nimenyong'onyea. Mwalimu aliyekuja kuniangalia darasani aliandika kwamba nilianza somo la sehemu kwa maneno ambayo watoto hawajawahi kuyasikia. Jamani, mwaka wa pili huu! Kanuni ya mwanzo kabisa tuliyofundishwa: toka kwenye kinachojulikana, nenda kwenye kisichojulikana. Nimekaa jikoni na sahani yangu, simu ikalia, na sijui ilikuwaje, nikasema kweli yote.

Mama akanyamaza. Halafu: "Hiyo jibini ndiyo nini?"

Nikaanza kueleza kwa kirefu, akanikatiza. "Ni maziwa yaliyoganda?"

"Ndiyo mama."

"Na humo wametia tunda?"

"Ndiyo."

"Sasa hayo si maziwa mgando na ndizi mbivu? Kwani wewe umekuzwa na nini? Kula mwanangu. Ila usinidanganye tena. Nikiambiwa umeshiba na wewe hujashiba, usiku nitakuombea nini?"

Nikacheka, machozi yananitoka. Ni kweli tupu. Maziwa ya kwenye kibuyu, ndizi iliyoivia kihambani, sisi watoto tumekaa chini tunagombania kijiko. Nimesafiri mpaka Uingereza nikaona nimegundua kitu kipya! Na mama, ambaye aliishia darasa la saba, kanifundisha kwenye simu kile kile nilichoshindwa kufundisha mchana: alianza na anachokijua.

Kesho narudi darasani na andalio jipya. Sehemu nitaanza kwa kukata epo mbele yao, maneno magumu yatakuja baadaye. Tuombeane.

Nanyi mlio mbali na nyumbani, usiku mnakula nini? Na mkiulizwa, mnasema kweli?

Usiku mwema.