Yowe

Jumapili, 8 Septemba 2024

Wamemwokota Ununio. Mzee Ali Kibao wa upinzani. Ijumaa alikuwa kwenye basi anakwenda kwao Tanga, Jumamosi maiti. Mbowe, kiongozi wa chama chake, anasema uso umemwagiwa tindikali. Rais ameagiza uchunguzi. Chakula kimenishinda.

Sio bunduki inayonitesa. Ni lile basi. Lina watu. Wenye bunduki wanapanda, wanamfunga pingu, wanashuka naye, na kila mwenye macho anaona. Ningekuwa siti ya nyuma yake ningefanya nini? Ningetazama dirishani. Najua.

Jumatano, 11 Septemba

Mashine haiendi leo. Uzi unakatika, akili inakatika.

Nimemkumbuka baba. Baada ya vita vya Uganda bunduki zilizagaa huku kwetu Tarime, wezi wa ng'ombe wakaacha mikuki. Walikuja kwa mpango: mmoja wa kupeleleza boma, wengine wa kuswaga, wengine wa kupokea ng'ombe ng'ambo, Kenya, kabla hakujakucha. Genge kamili. Na bado yowe likipigwa, wanaume wanatoka. Baba alitoka. Hofu alikuwa nayo, mama alisikia meno yake. Lakini aliyebaki ndani asubuhi alijibu mbele ya iritongo, baraza letu la kimila, na faini alilipa.

Sasa hivi yowe la nani? Anayechukuliwa akipiga kelele, milango ndiyo inafungwa.

Hili nalizungusha tangu asubuhi. Mwizi alitaka ng'ombe. Hawa wanataka ule mlango ufungwe. Yule mmoja wanayemchukua ni njia tu ya kutufikia sisi tuliobaki kwenye siti.

Jumamosi, 14 Septemba

Mtoto wa dada amekuja. Amekula ugali wote, amesifu mboga, nikajua ana jambo. "Mama mdogo, mwezi wa kumi na moja nachukua fomu. Uenyekiti wa mtaa." Nimemuuliza chama gani na huku najua. Nimefurahi. Halafu nikaogopa. Vyote kwa pamoja, mpaka nikaunguza ukingo wa sare ya mtoto wa watu kwa pasi.

Uenyekiti wa mtaa! Kugonga mihuri na kuamua ugomvi wa mpaka. Hata hicho mtu akiogope?

Jumatatu, 23 Septemba

Maandamano ya upinzani Dar yamezimwa. Mbowe amekamatwa, makamu wake Lissu amekamatwa. Lissu huyu huyu aliyemiminiwa risasi Dodoma, 7 Septemba 2017, kumi na sita zikamwingia, kwenye makazi ya viongozi. Miaka saba. Hakuna aliyepandishwa kizimbani. Ben Saanane kapotea tangu 2016, kimya. Azory Gwanda, mwandishi wa habari, Kibiti, Novemba 2017, kimya. "Watu wasiojulikana." Wanatajwa siku hizi kama unavyotaja ukoo.

Jirani wa mgahawa kanigombeza. Serikali ni serikali, usiifananishe na majambazi. Sikumjibu pale, najibu hapa. Jambazi akija, nina pa kukimbilia. Mdogo wake John Heche, mbunge wa wakati huo, alipochomwa kisu Sirari, Aprili 2018, polisi wenyewe walitangaza kwamba wanamshikilia askari wao. Tulilia, lakini kidole tulijua pa kukielekeza. Asiyejulikana hana pa kushtakiwa. Huo ndio ubaya unaopita wa genge, na nitamwambia hivyo hivyo jirani siku nyingine akirudia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Mwalimu Nyerere. Miaka 25 tangu atutoke. Redio tangu alfajiri, Butiama, Butiama.

Nampenda Mzee. Lakini sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ilipitishwa 1962, yeye akiwa hai na akiongoza chama, na tusijidanganye kwamba hofu imeanza juzi. Tofauti ninayoiona: kile kizuizi kilikuwa na karatasi. Kilikuwa na sahihi ya mtu. Uovu wenye sahihi unaweza kuupinga hata baada ya miaka thelathini. Usio na sahihi unaupinga wapi?

Binamu wa Isebania, upande wa Kenya, kapiga simu. Kwao vijana walioandamana Juni wanabebwa kwenye Subaru, wenye magari wamefunika nyuso. Huku tunasema Land Cruiser. Mpaka tu ndio unabadilisha gari.

Jumamosi, 26 Oktoba

Amekuja mteja. Simtaji hata humu. Kaja kushonesha suti ya kitenge ya mkewe, vipimo kaja navyo kwenye karatasi. Mpole, salamu ndefu, kaulizia afya ya dada kwa jina. Nimepima kitambaa. Ndipo akasema, taratibu kabisa, "Yule kijana wenu ni mzuri. Ana watoto wadogo, eh? Mwambieni apumzike, mambo haya yana wenyewe."

Sijatishwa. Hakuna neno hata moja ningelipeleka popote nikasema nimetishwa. Ndivyo linavyotengenezwa.

Akalipa zaidi ya bei. Nikamrudishia chenji yote mkononi. Mikono ilitetemeka, lakini nilimrudishia.

Usiku huo huo

Silali. Kijana wa dada aliwahi kunionyesha kwenye simu habari za Palermo, kule Italia. Libero Grassi. Kiwanda chake kilishona nguo za kulalia, mtu wa cherehani kama mimi, ndiyo maana hajanitoka. Wale wa mafia walitaka ada ya ulinzi. Januari 1991 akaandika barua gazetini, akawaambia waziwazi kwamba hatalipa. Wafanyabiashara wenzake walimlaumu: anatuchafulia mji. 29 Agosti mwaka huo huo wakamuua barabarani, asubuhi, akienda kazini.

Nilikuwa nasoma nikidhani kilichomuua ni risasi. Leo naona lawama za wale wenzake zilitangulia. Wangeandika barua watu mia siku ileile, wangeanza na nani?

Na bado simwambii mtoto wa watu awe Grassi. Ana watoto wadogo. Kweli anao!

Ijumaa, 1 Novemba

Kachukua fomu. Nilimweleza kila kitu cha mteja, sikuficha. Akanyamaza, akasema, "Mama mdogo, nikiacha, atakayefuata hawatahitaji hata kumfuata nyumbani." Dada analia kwake, mimi nalia kwangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Jina halipo. Ameenguliwa. Ati sahihi ya mdhamini haifanani. Mdhamini mwenyewe yuko hai, kasimama pale na kitambulisho, hakuna wa kumsikiliza, ofisi imefungwa.

Nimeona aibu ya ajabu: moyo ulipumua. Nikasema afadhali, mtoto ni mzima. Halafu hasira. Wamenifikisha mahali ambapo nashukuru kwa kunyang'anywa.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepiga kura. Mgombea mmoja, ndiyo au hapana. Nimeandika, nimekunja, nimetumbukiza. Foleni fupi, watu hawaongei, wanaulizana tu habari za mvua na mahindi.

Ijumaa, 29 Novemba

Wametangaza. Chama tawala zaidi ya asilimia 98 ya viti, nchi nzima. Mwaka 2015 mji huu ulimpeleka Esther Matiko bungeni, vijijini wakampeleka Heche. Tulibishana mpaka koo zikauma, ndugu wakanuniana, na asubuhi tukakutana sokoni. Ule ubishi nautamani kama chakula.

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya misa nimebaki na kina mama wa upande wetu. Nimewaambia jambo moja tu, si la chama. Gari lisilo na namba likisimama mlango wa yeyote kati yetu, awe wa kijani awe wa nani, tunapiga yowe na tunatoka wote. Na taa, na simu zikirekodi, na tunauliza jina na kituo wanachompeleka. Kuuliza jina sio kosa.

Wa mgahawa, yule yule aliyenigombeza, ndiye wa kwanza kusema ndiyo. Ana wavulana watatu. Mama mmoja akauliza, na kama watapiga risasi? Hakuna aliyemjibu, wala sikumdanganya.

Wa nyumba ya kona amesema kwanza amuulize mumewe. Mume anafanya kazi serikalini. Nitampitia Jumatano nikipeleka gauni la binti yake, nimsikie amefikia wapi.