Povu na Pimamaji

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa katika kila darasa la Kiswahili nchini Kenya, na imekuwa kichwa cha insha nyingi za mitihani. Hata hivyo, mwashi aliyekomaa katika kazi yake huitazama kwa jicho tofauti. Kwake yeye, ufa ni habari iliyoandikwa juu ya zege kuhusu jambo linalotendeka chini yake. Anayeuziba kabla ya kuisoma habari hiyo huenda akajenga ukuta vilevile, tena zaidi ya mara moja.

Jambo hili lilidhihirika baina ya baba na mwanawe, ambao kazi yao ilikuja kuwa moja ilhali bahari na mabara yaliwatenga. Baba ni mwashi mstaafu wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, aliyeshika mwiko kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwana alihitimu shahada ya Kiswahili, akasota miaka kadhaa bila ajira, kisha akahamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako Wakenya wengi wamelowea. Huko hakupata darasa la kufundisha. Alipata nafasi katika gari la kampuni inayoinua sakafu na vijia vya zege vilivyozama.

Kazi hiyo haikosi wateja Minnesota. Katika majira ya baridi, ardhi huganda kwa kina cha zaidi ya mita moja. Maji yaliyomo udongoni yanapogeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, nao udongo hufura. Barafu inapoyeyuka, udongo hulegea. Fauka ya hayo, nyumba nyingi zina vyumba vya chini ya ardhi, na udongo uliorudishwa kandokando ya kuta zake baada ya ujenzi huendelea kujishindilia kwa miaka mingi. Zege lililomwagwa juu yake hubaki likielea juu ya uwazi, na hatimaye huzama au hupasuka.

Zamani dawa ilikuwa moja tu: kuvunja na kumwaga upya. Kuanzia miaka ya 1930, Wamarekani walianza kutoboa matundu katika zege na kusukumia chini yake tope zito la udongo, maji na saruji hadi bamba lipande. Nchini Ujerumani, Otto Bayer na wenzake walivumbua kemia ya poliurethani mnamo 1937, na katika miaka ya 1970 wahandisi wa Ufini wakaitumia kuinulia zege. Leo fundi hutoboa tundu lisilozidi unene wa kidole, akachomeka bomba, akaachilia vimiminika viwili vikutane. Vinapokutana hutokota, hufanya povu na kutanuka kwa sekunde chache, huku povu likijaza uwazi na kulisukuma bamba juu. Robo saa baadaye povu huwa limekuwa gumu. Uzani wake ni mdogo mno, kwa hivyo haliuongezei udongo dhaifu mzigo mkubwa. Fundi huvaa kinga ya pua na glavu, kwa maana mvuke wa kemikali hizo hudhuru mapafu. Aidha, hulazimika kuwa na subira, kwani bamba likipandishwa kupita kiasi ni vigumu kulirudisha.

Mwana alipojaribu kumweleza babake haya kwa simu, neno lenyewe lilimponza.

"Povu, mwanangu?" baba aliuliza. "Mimi najua povu la sabuni na povu la mdomo wa mtu aliyekasirika. Bamba la mita tatu kwa nne, lenye unene wa sentimita kumi, lina uzito wa karibu tani tatu. Litainuliwaje na povu?"

Mwana alitafuta maneno. Shahada yake ilikuwa imempa istilahi za fonolojia na za uhakiki, lakini haikumpa neno la kitu alichokishika kila siku. Ni mama, aliyekuwa akisikiliza kando, aliyeikata kiu yao. "Si anasema linaumuka?" alimwambia mumewe. "Kama unga uliotiwa hamira. Ila hili likishaumuka hukauka kama jiwe." Tangu siku hiyo, katika mazungumzo yao, kazi ya mwana ilijulikana kama kuumua sakafu.

Kisha sakafu ya baba ikazama.

Ilizama pembe moja ya sebule, kwa kina cha vidole vitatu, baada ya mvua kubwa za masika za 2024 zilizoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya. Kati ya sakafu na ukuta palibaki mwanya ambamo mjusi angeweza kupita. Ukuta haukuyumba, kwa kuwa msingi wake ulikuwa umekalia mwamba. Baba hakumwambia mtu. Aliweka kabati juu ya pembe ile na kuendelea kuwapa majirani ushauri kuhusu nyumba zao. Mganga hajigangi, lakini pia mganga huona haya kuonekana mgonjwa. Na nyumba ile ndiyo pekee, kati ya zote alizojenga, aliyojijengea mwenyewe.

Mwana alipata habari kutoka kwa dadake. Akapiga simu akiwa tayari kutuma pesa za kuvunja sakafu nzima, maana mashine ya kuumulia ilikuwa Minnesota. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali moja: "Huko, kabla ya kutia povu, mnauliza maji yametoka wapi?"

Mwana alijibu kwamba wanaofanya kazi kwa uangalifu huuliza. Povu hujaza uwazi, lakini halizuii maji yaliyouleta. Mwenye nyumba asipoielekeza mbali mifereji ya paa lake, maji yataendelea kuuhamisha udongo, na atawaita mafundi tena.

Baba akatoka nje na simu mkononi. Nyuma ya pembe ile palikuwa na tangi ambalo mwana alikuwa amewanunulia wazazi wake ili mama asiteke maji mbali. Bomba la kutolea maji ya ziada liliishia pale pale, chini ya ukuta, na usiku wa mvua lilikuwa likimwaga hadi alfajiri. Baba alilitazama, kisha akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipokuwa akijenga, aliuondoa udongo mweusi wote, ule unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, akajaza mawe na changarawe nyekundu, akizishindilia tabaka kwa tabaka. Pembe ile ilikuwa ya mwisho. Pesa za vibarua zilikuwa zimekwenda kulipa karo ya chuo kikuu, kwa hivyo aliijaza peke yake na kuishindilia juujuu.

Simu ilikaa kimya pande zote mbili. Udongo uliolegea ulikuwa umetokana na karo, na maji yalikuwa yametokana na tangi. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Utengenezaji ulichukua maarifa ya wote wawili. Kwanza, bomba la tangi lilirefushwa hadi kwenye migomba. Kisha mwana akamwelekeza baba kuigonga sakafu kwa ncha ya nondo, hatua kwa hatua, na kusikiliza: penye uwazi zege hutoa sauti ya ngoma, palipojaa hutoa sauti iliyokufa. Baba alichora mpaka kwa chaki, na ikabainika kwamba ni thuluthi moja tu ya sebule iliyohitaji kuvunjwa. Udongo ulipokauka, vijana wawili walitoa kijazo kilicholegea, wakarudisha kipya katika matabaka ya sentimita kumi na tano, wakikinyunyizia maji na kukishindilia. Wavu wa chuma uliunganishwa na ule wa zamani, zege likamwagwa, na likanyweshwa maji kwa siku saba. Pesa ambazo zingevunja sakafu nzima zilibaki.

Mwana bado anaumua vijia vya zege huko Minneapolis. Amefungua daftari ambamo huandika majina ya vitu vya kazi yake kwa Kiswahili, na kila anapokwama humpigia simu mwashi wa Kitengela, au mke wa mwashi. Kuhusu sakafu, baba hana maneno mengi. Anayemwita kutazama ufa hushangaa kumwona akiupita, akizunguka nyumba polepole na pimamaji kwapani, macho yake yakifuata njia ya maji.